Kiwiko kilichochomoka na kuvunjika: kufunga, kuunga au kubadilisha?

Kiwiko kikichomoka bila mfupa kuvunjika, kazi kwa kawaida ni nyepesi: daktari anakirudisha mahali pake, mkono unapumzishwa siku chache, kisha mazoezi yanaanza. Kikichomoka na mifupa inayokishikilia ikavunjika papo hapo, mambo yanabadilika. Mgonjwa na ndugu zake husikia maneno mengi kwa mpigo, plasta, skrubu, bamba, kichwa bandia, vyuma vya nje, na wanatakiwa kukubali au kukataa wakiwa bado na maumivu na hofu. Hapa naziweka njia hizo ubavu kwa ubavu, kwa mtu mzima. Mifupa ya mtoto ina kanuni zake na sitaigusa.

Nitatumia kipimo kimoja tu: je, njia hii itaniwezesha kuanza kukunja na kunyoosha kiwiko ndani ya wiki mbili za mwanzo, bila kiungo kuchomoka tena? Kiwiko hakivumilii kufungwa. Kifuko kinachokizunguka huvimba, kikawa kinene, kisha kikasinyaa, na wiki kadhaa ndani ya plasta zinaweza kukunyima mwendo utakaoutafuta kwa miezi. Lakini kiwiko kinachoanza mazoezi kikiwa legelege nacho kitachomoka. Uamuzi wote unakaa kati ya hatari hizo mbili.

Kwanza, nini hasa kimevunjika

Mifupa mitatu hukutana kwenye kiwiko: humerasi juu, ulna upande wa kidole kidogo, na radiasi upande wa kidole gumba. Ulna imeikumbatia humerasi kwa ncha mbili. Ya nyuma ni olekranoni, ile unayoegemea mezani. Ya mbele ni koronoidi, mdomo mdogo wa mfupa unaozuia ulna isiteleze kwenda nyuma. Kichwa cha radiasi kinasimama upande wa nje na kuuzuia mkono usipinde kwenda huko. Kano za upande wa ndani na wa nje ndizo zinazofunga yote hayo pamoja.

Mchanganyiko unaotajwa sana ni wa mambo matatu kwa pamoja: kiungo kimechomoka, kichwa cha radiasi kimevunjika, koronoidi imevunjika. Mwaka 1996 Robert Hotchkiss, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliuita utatu wa kutisha, kwa sababu wagonjwa wengi wa aina hiyo walikuwa wakiishia na kiwiko kibovu. Mchanganyiko mwingine ni wa ulna kuvunjika karibu na kiwiko huku kichwa cha radiasi kikihama; Giovanni Battista Monteggia wa Italia alieleza majeraha ya jamii hiyo mwaka 1814, miongo mingi kabla ya eksirei. Upo pia ule wa olekranoni kupasuka vipande na mkono wote wa chini kusukumwa mbele.

Kuna mmoja wa kuogopwa kwa sababu haujionyeshi. Kipande chembamba cha upande wa ndani wa koronoidi kinavunjika, kano ya nje inachanika, na kichwa cha radiasi kinabaki kizima. Kwenye eksirei jeraha hili linaweza kuonekana dogo sana, mtu akafungwa kidogo na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kumbe kila anapoinua mkono mifupa inakutana kwa pembe isiyo yake, na gegedu, ile nyama laini na ngumu inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, linasagika mapema.

Ndiyo maana ninapolinganisha eksirei na picha ya CT (picha ya kompyuta inayoonyesha mfupa tabaka kwa tabaka) kwa jeraha hili, sioni sababu ya kusitasita. Eksirei inatosha kuonyesha kwamba kiungo kimechomoka, na baadaye kwamba kimerudi. CT, ikipigwa baada ya kiungo kurudishwa, inaonyesha vipande ni vingapi, vina ukubwa gani, na kama kuna kimoja kilichonasa katikati ya kiungo. Uamuzi karibu wote utakaousoma hapa chini unategemea majibu hayo. Kama inapatikana, iombe.

Kurudisha kiungo mahali pake ni jambo jingine, na halingoji uamuzi wowote. Linafanywa mapema, kwa dawa ya usingizi au ya kutuliza, na mapigo ya damu pamoja na mishipa ya fahamu hupimwa kabla na baada. Vidole vikiwa baridi au vikififia rangi, ganzi ikizidi, au maumivu yakipanda badala ya kushuka na kuwa makali mtu anapokunyoosha vidole, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo. Usingoje asubuhi.

Bila kisu au kwa kisu

Kwa majeraha haya upasuaji ndio kawaida, lakini si lazima kwa kila mtu. Kuna wachache ambao hata utatu ule unaweza kutibiwa bila kisu, ilimradi masharti yote yatimie: CT inaonyesha kiungo kimekaa sawasawa pande zote, kipande cha koronoidi ni kidogo, kichwa cha radiasi hakizuii kiganja kugeuka juu na chini, na kiwiko kinanyooka hadi kubaki takriban nyuzi 30 kabla ya kunyooka kabisa bila dalili ya kuchomoka. Sharti moja likikosekana, njia hiyo imefungwa.

Anayefuata njia hii anaepuka hatari za kidonda, usaha, na mishipa ya fahamu kuguswa na vifaa. Lakini anabeba wajibu mkubwa kuliko wengi wanavyoambiwa. Eksirei hurudiwa kila wiki mwanzoni, kwa sababu kiungo kinaweza kuhama taratibu ndani ya gango, yaani kifaa kigumu kinachoshikilia mkono, bila mgonjwa kuhisi. Na mazoezi huanza mapema vilevile. Kukaa kwenye plasta wiki sita kwa tumaini kwamba muda utafanya kazi ya upasuaji ni chaguo ninalolipinga waziwazi: unapata ukakamavu wote, na bado huna hakika ya uthabiti.

Mwaka 2002 David Ring, daktari wa upasuaji wa Marekani, na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 11 wenye utatu huo. Viwiko saba vilichomoka tena ndani ya gango baada ya kurudishwa kwa mikono. Ni kundi dogo, lakini linaonyesha kwa nini madaktari hawaamini gango peke yake.

Upasuaji nao usiku ule ule, au baada ya siku chache? Jeraha likiwa wazi, mshipa wa damu ukiwa umeumia, au kiungo kikikataa kukaa, hakuna kusubiri. Nje ya hayo, siku chache za kungoja uvimbe upungue, CT isomwe vizuri, na daktari aliyezoea viwiko apatikane na vifaa kamili, zina faida kuliko haraka. Wiki zikipita, hata hivyo, nyama zinasinyaa, vipande vinakuwa laini, na kazi inakuwa ngumu mara dufu. Lenga ndani ya wiki mbili.

Kichwa cha radiasi: kuunga, kubadilisha, au kutoa

Hapa ndipo penye uamuzi mzito zaidi, na ndipo mgonjwa anapaswa kuuliza maswali mengi zaidi.

Kuunga maana yake ni kupanga vipande na kuvishika kwa skrubu ndogo, wakati mwingine pamoja na bamba jembamba. Uzuri wake hauhitaji kuelezwa sana: unabaki na mfupa wako na gegedu lako, na hakuna kifaa cha kuchakaa baada ya miaka. Kwa kijana mwenye vipande viwili au vitatu vikubwa, mfupa ukiwa imara, hii ndiyo njia ya kwanza.

Tatizo linaanza vipande vinapokuwa vingi. Katika utafiti mwingine wa mwaka 2002 wa Ring na wenzake, wagonjwa 14 walikuwa na kichwa kilichovunjika zaidi ya vipande vitatu na kikaungwa. 13 kati yao hawakupata matokeo ya kuridhisha. Skrubu zinalegea, vipande vinakosa damu, mfupa haushiki. Kutoka hapo ikazaliwa kanuni inayotumiwa na wengi: hadi vipande vitatu unga, zaidi ya hapo badilisha. Si sheria ya chuma. Vipande viwili vilivyopondeka kwenye mfupa dhaifu vinaweza kuwa vibaya kuliko vinne vilivyo safi. Lakini kama CT inaonyesha vipande vitano na bado unaambiwa vitaungwa, una haki ya kuuliza kwa nini.

Kubadilisha ni kuondoa kichwa kilichovunjika na kuweka cha chuma, chenye mguu unaoingia ndani ya radiasi. Kwa kipimo chetu, njia hii ina nguvu kubwa: uthabiti unapatikana siku ile ile, hausubiri mfupa uunge, na mazoezi yanaanza mapema bila hofu ya skrubu kung'oka. Kasoro yake kuu iko kwenye urefu. Kichwa kirefu kupita kiasi kinasukuma humerasi, kinasaga gegedu lililo mbele yake, na kiwiko kinauma na kukataa kukunja. Kifupi kinaacha kiungo legelege. Hiyo ndiyo sababu uzoefu wa daktari na kuwapo kwa saizi mbalimbali mezani ni muhimu kuliko aina ya kifaa. Baada ya miaka, eksirei huweza kuonyesha mstari mweusi kuzunguka mguu wa kichwa bandia. Wengi wenye mstari huo hawana maumivu yoyote, kwa hiyo picha peke yake isikutie woga. Vichwa vya silikoni vilivyotumika zamani viliachwa kwa sababu vilivunjika na kuwasha kiungo; ukitajiwa hivyo, omba maelezo.

Kutoa kichwa na kuacha pengo ni rahisi kuliko zote na hakuhitaji kifaa. Pale ambapo kano zote ni nzima kunaweza kufaa, hasa kwa mtu mzee asiye na kazi nzito. Kwenye kiwiko kilichochomoka, kano si nzima. Katika wale wagonjwa 11 niliowataja, wanne walitolewa kichwa, na wote wanne walichomoka tena baada ya upasuaji. Pia radiasi isiyo na kichwa inaweza kupanda taratibu na kuleta maumivu kwenye kifundo cha mkono, hasa kama utando unaounganisha radiasi na ulna ulichanika. Kwa jeraha la aina hii, kutoa bila kubadilisha nakuweka mwisho kabisa wa orodha.

Koronoidi, kano na olekranoni

Mwaka 2004 timu ya madaktari wa Kanada, Pugh na McKee, ilichapisha utaratibu ambao wengi bado wanaufuata: unaanzia ndani kwenda nje. Koronoidi kwanza, kisha kichwa cha radiasi, kisha kano ya nje, halafu kiwiko kinajaribiwa mezani chini ya eksirei. Kikikaa, kazi imekwisha. Kisipokaa, ndipo kano ya ndani inashonwa au vyuma vya nje vinawekwa.

Kwa koronoidi, ukubwa wa kipande ndio unaoamua. Ncha ndogo hushikwa kwa uzi mzito unaopitishwa kwenye matundu ya ulna. Wapo madaktari wanaoiacha kabisa kama kiungo kimetulia baada ya mengine kutengenezwa, na naona hoja yao ina uzito. Kipande kikubwa kinataka skrubu. Kile cha upande wa ndani nilichokitaja mapema kinataka bamba dogo lake, kupitia mkato wa upande wa ndani, karibu na mshipa wa fahamu wa ulna. Hapo ganzi ya kidole kidogo baada ya upasuaji ni jambo la kuulizwa kabla, si baada.

Kano ya nje karibu kila mara imeng'oka kutoka humerasi na hurudishwa kwa nanga ndogo (kijiskrubu chenye uzi) au uzi kupitia mfupani. Hilo halina mjadala. Ya ndani kwa kawaida haiguswi, kwa kuwa inajiponya kiungo kikiwa kimekaa sawa.

Olekranoni iliyovunjika mstari mmoja safi inaweza kufungwa kwa pini mbili na waya. Ikiwa imepondeka, au kiungo kimehama nayo, waya haufai: unaibana ulna na kuifupisha, na kiungo kinakaa vibaya. Bamba refu nyuma ya ulna ndilo jibu. Yote mawili yako chini ya ngozi nyembamba, na wengi huomba vyuma vitolewe baadaye kwa sababu vinawachoma wanapoegemea. Waya una sifa mbaya zaidi kwa hilo.

Kiwiko kikibaki legelege baada ya yote, kuna vyuma vya nje vilivyofungwa moja kwa moja na vyuma vya nje vyenye bawaba. Vya kwanza ni rahisi kuweka lakini vinazuia mwendo. Vya bawaba vinaruhusu kukunja na kunyoosha, ila bawaba ikikosea mhimili wa kiungo kidogo tu, inakivuta kiungo vibaya kila unapokunja. Vyote vina pini zinazotoboa ngozi, na pini zinaleta usaha zisipotunzwa. Kipo pia kifaa cha ndani chenye bawaba kinachofichwa chini ya ngozi na kutolewa baadaye: hakina pini za nje, lakini kinakudai operesheni ya pili.

Na kwa mzee ambaye mwisho wa humerasi nao umesagika na mfupa ni mwepesi? Kiwiko bandia kizima kinaweza kumpa mwendo haraka kuliko bamba lolote. Masharti yake ni ya maisha: kwa kawaida asiinue zaidi ya takriban kilo 5 kwa mara moja, wala zaidi ya kilo 1 kwa kurudiarudia. Anayeishi kwa nguvu za mikono asipewe bila kuelezwa hilo waziwazi.

Baada ya upasuaji: gango au mazoezi

Upasuaji mzuri unaweza kupotea hapa. Gango la siku chache hadi wiki mbili linatosha kwa wengi, ili kidonda kitulie. Linalozidi wiki tatu linahitaji sababu maalumu, na sababu hiyo uielezwe.

Zoezi salama zaidi mwanzoni hufanywa ukiwa umelala chali. Inua mkono wote uelekee dari, kisha kunja na kunyoosha kiwiko polepole. Mkao huu unafanya uzito wa mkono usukume mifupa ikutane, badala ya kuivuta iachane kama inavyotokea mkono ukining'inia. Kano ya nje ikiwa ndiyo iliyoshonwa, mtaalamu wa mazoezi tiba hukuambia unyooshe kiganja kikiwa kimetazama chini. Ya ndani, kikitazama juu. Zote mbili, katikati. Kugeuza kiganja juu na chini hufanywa kiwiko kikiwa kimekunjwa nyuzi 90.

Cha kuepuka kwa wiki kama sita ni kuutanua mkono ubavuni, mbali na mwili, na kuinua kitu. Mkao huo unaivuta moja kwa moja kano ya nje iliyoshonwa. Watu hufanya hivyo bila kufikiri wanapochukua kikombe kilicho mbali au wanapojisukuma kutoka kitandani.

Tafadhali, asiwepo mtu wa kuuvuta mkono wako kwa nguvu ili unyooke, awe ndugu au mtaalamu. Kiwiko kilichoumia kikivutwa hivyo kinavimba, kinavuja damu ndani na kukakamaa zaidi. Mwendo ufanywe na misuli yako mwenyewe, mara nyingi kwa siku, kidogo kidogo. Kuanzia wiki ya sita hadi ya nane, mfupa ukiwa umeanza kushika, gango la kunyoosha linaloongezwa taratibu linaweza kusaidia. Mazoezi ya nguvu hungoja mfupa ushike, mara nyingi wiki ya 12.

Utarajie nini? Bernard Morrey, naye daktari wa upasuaji wa Marekani, na wenzake walionyesha mwaka 1981 kwamba kazi nyingi za kila siku hufanyika kati ya nyuzi 30 na 130 za kukunja, na nyuzi 50 za kugeuza kiganja kila upande. Kuweka simu sikioni kunadai kukunja zaidi kidogo. Kwa hiyo kiwiko kinachobaki nyuzi 20 kabla ya kunyooka kabisa hakijashindwa. Ni matokeo mazuri kwa jeraha hili, na ni vema uambiwe hivyo kabla, ili usije ukajihesabu mlemavu bure. Kazi ya mezani wengi huirudia ndani ya wiki chache, kazi nzito huchukua miezi mitatu hadi sita, na mwendo huendelea kuongezeka hadi mwaka. Sigara huchelewesha mfupa kuunga. Huu ni wakati wa kuiacha.

Mfupa unaoota pasipo pake

Baada ya jeraha kubwa la kiwiko mfupa unaweza kuota ndani ya nyama na kuziba mwendo. Hatari huongezeka kwa aliyeumia kichwa pia, kwa aliyekaa muda mrefu kabla ya upasuaji, na kwa aliyefanyiwa upasuaji mara kadhaa.

Ili kuzuia hilo, kuna indometasini, dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu, kwa wiki kadhaa, na kuna mionzi ya dozi moja. Indometasini inaudhi tumbo na figo, lakini inaweza kusimamishwa wakati wowote. Mionzi haiwezi kurudishwa: jaribio moja la mionzi kwa viwiko vilivyovunjika, lililochapishwa mwaka 2010, lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu mifupa ya waliopewa mionzi ilikosa kuunga mara nyingi mno. Kwa mfupa uliovunjika hivi karibuni, basi, mionzi naiweka kando. Kwa mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu, kutotumia chochote na kuanza mwendo mapema ni chaguo halali.

Kiwiko kikikakamaa

Miezi mitatu ikipita na kiwiko bado kimekakamaa, shauri la kufunguliwa tena huja haraka. Mara nyingi ni mapema mno, kwa sababu nyama bado zina uvimbe na mwendo unaendelea kurudi wenyewe kwa mazoezi na gango. Wengi husubiri angalau miezi sita, mfupa uwe umeunga kabisa. Hapo kifuko kilichosinyaa kinaweza kukatwa na mfupa uliozidi kuondolewa, kwa mkato au kwa kamera, na safari hii mazoezi yanaanza kesho yake. Vitu viwili havisubiri: ganzi ya kidole kidogo inayoongezeka, na kiungo kinachoonekana kimehama kwenye eksirei. Ukiona kimojawapo, rudi kwa daktari wiki hiyo hiyo, hata kama miadi yako ni ya mwezi ujao.